Kuchagua risasi ya kushindania kwa vichwa vya kusubu: anzia kooni mwa mtutu

Kila anayetaka kuingia kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa vichwa vya kusubu, yaani vichwa vya risasi vya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chombo chenye umbo la kichwa, huanza na swali moja: ninunue bunduki ya risasi gani? Mara nyingi jibu analo tayari mfukoni. Amesikia 6.5 Creedmoor ikisifiwa kwa masafa marefu, au ameiona .300 Winchester Magnum dukani akaamua kwamba kubwa ndiyo bora. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Ufundi nilianza kujifunza Tanga, siku hizi naufanyia kazi Indiana, Marekani, na Jumamosi nyingi utanikuta kwenye uwanja wa shabaha. Jibu langu kwa wote ni hili: jina la risasi liweke nafasi ya tatu. Nafasi ya kwanza ni koo la mtutu. Ya pili ni kichwa ambacho wewe mwenyewe unaweza kukisubu kikalijaa koo hilo. Ukishapata hayo mawili, risasi za kuchagua zinabaki mbili tatu tu.

Tuelewane kwanza. Kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ganda ni kikopo cha shaba kinachobaki kwenye bunduki, chenye baruti ndani na fataki kwenye kitako chake. Risasi ni vyote hivyo vikiwa vimeunganishwa; ila nikizungumzia mchanganyiko wa madini, au kipande cha risasi safi au laini, namaanisha madini ya risasi yenyewe. Koo ni sehemu fupi iliyo mbele ya chemba, kabla matuta ya ndani ya mtutu hayajaanza kukishika kichwa. Na vipimo nitataja kwa inchi, yadi na greni (kipimo cha uzito, greni moja ni kama gramu 0.065), kwa sababu ndivyo kalibu na vitabu vyote vya mchezo huu vilivyoandikwa.

Mchezo wenyewe una wenyewe. Marekani kuna Cast Bullet Association, iliyoanzishwa mwaka 1976, na mashindano yake hupigwa zaidi kwa yadi 100 na 200, yaani kama mita 91 na 183. Unakaa mezani, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, unapiga makundi ya risasi 5 na ya risasi 10, na kundi lililobana kuliko yote ndilo linaloshinda. Kuna na mashindano ya pointi. Vichwa vya kiwandani vilivyovikwa shaba haviruhusiwi. Kila kinachopigwa kimetoka kwenye kalibu.

Kabla hujatoa hata dola moja, angalia hali yako ya kisheria. Mwenye ukazi wa kudumu Marekani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki kama raia, ila jimbo lake linaweza kuwa na masharti zaidi. Aliye kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo, sheria hiyo hiyo inamkataza hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache. Wadogo zangu mlioko vyuoni, hilo lisomeni kwa makini na mwulizeni mwanasheria, msimwulize muuza duka. Kujaza risasi zako mwenyewe nyumbani kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho hapa. Kwa walioko Kenya na Tanzania mambo ni tofauti kabisa: silaha na risasi ziko chini ya sheria kali za leseni, na haya ninayoyaandika yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kujaribu chochote huko.

Sasa tuingie kazini.

Kichwa cha kusubu ni laini. Madini ya risasi yakiwa safi yana ugumu wa kama 5 kwa kipimo cha Brinell. Ukichanganya asilimia 90 ya risasi, 5 ya bati na 5 ya antimoni, mchanganyiko unaoitwa Lyman namba 2, unapanda hadi kama 15. Linotype, yale madini yaliyokuwa yakitumika kupanga herufi za magazeti, yenye takriban asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati, hufika kama 22. Hata hapo bado yako mbali sana na ugumu wa shaba. Kwa hiyo kichwa chako hakitavumilia kusukumwa kwa pupa, na hakitajirekebisha kikiingia kwenye mtutu kikiwa kimepinda. Kichwa kilichovikwa shaba unaweza kukirusha kupitia koo pana na bado kikaenda sawa. Cha kusubu kikianza safari kimeinama kidogo, kitatoka mdomoni mwa mtutu kimeinama vile vile, na upande mmoja umekwanguliwa kuliko mwingine. Gesi ya baruti nayo ikipata mwanya kati ya kichwa na ukuta wa koo, inapita humo kwa joto na nguvu, inakata ubavu wa kichwa na kuyapaka madini ndani ya mtutu. Ukifika hapo kundi limeshaharibika, hata bunduki iwe ya bei gani.

Ndiyo maana nasema anza na koo. Na koo hulipimi kwa kusoma karatasi ya kiwanda. Unalipima hivi.

Chukua ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, fataki iliyokufa ikiwa bado imo. Lijaze madini hadi karibu na mdomo ili lisiwe na nafasi ya kubonyea. Weka kipande kifupi cha risasi safi, laini kabisa, kimekaa kwenye mdomo wa ganda na kuchungulia nje. Paka chemba mafuta kiasi cha kulainisha tu, ingiza, funga bolti. Kisha pitisha fimbo ya chuma kutoka mdomo wa mtutu. Fimbo iwe nene karibu na kipenyo cha ndani, na uizungushie utepe sehemu mbili tatu isikwaruze. Gonga kwa nyundo ndogo. Mwanzoni sauti ni butu; madini yanatanuka kujaza koo. Yakishajaa, sauti inabadilika na fimbo inaruka mkononi. Simama hapo. Fungua bolti, sukuma taratibu, na ganda litatoka limebeba nakala ya koo lako mdomoni mwake: pale shingo ya chemba inapoishia utaona ngazi kali, mbele yake sehemu iliyonyooka inayong'aa, halafu alama za matuta zinaanza, nyembamba kwanza, kisha zinazama. Igeuze chini ya taa. Kama alama za matuta upande mmoja zimeanza mapema kuliko upande wa pili, koo hilo halikuchongwa katikati ya mtutu. Mtutu wa namna hiyo mimi siuhangaikii, nautafutia mwenye kupiga vichwa vya shaba.

Pima kwa maikrometa, usitumie kalipa. Kalipa inaweza kukudanganya kwa elfu moja ya inchi, na elfu moja hapa ndiyo tofauti ya kushinda na kushindwa. Wasiopenda kugonga hutumia Cerrosafe, madini yanayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi: unayamimina chembani, yanaganda, unayatoa na kuyapima baada ya saa moja hivi, maana mwanzo yanasinyaa, halafu yanarudi kwenye kipimo halisi na baadaye yanapita. Njia zote mbili ni nzuri. Mimi hugonga, kwa sababu nakala ya kugonga inanipa ukubwa uleule wiki hii na mwakani.

Ukipata, tuseme, koo la inchi .3105, unatafuta kichwa ambacho mwili wake ni .310 hadi .3105. Kikiwa .308 kama vile vya shaba, kitaelea. Kikiwa kinene kuliko koo, hakitaingia bila kulazimishwa. Tena kuna jambo la usalama hapa: shingo ya ganda iliyobeba kichwa kinene huwa nene pia. Ikibana kwenye shingo ya chemba, haiwezi kufunguka kukiachia kichwa, na shinikizo linapanda kwa hatari. Lazima ibaki nafasi ya elfu moja au mbili za inchi. Pima shingo ya risasi uliyojaza, linganisha na shingo ya chemba kwenye nakala yako, na usikisie.

Jambo linalofuata ni msokoto wa mtutu, yaani inchi ambazo matuta yanatumia kuzunguka duara moja, na hapa wengi huangushwa na mtindo wa siku hizi. Mitutu mipya inasokotwa kwa kasi ili ishike vichwa virefu vya shaba kwa masafa marefu. Kwa kichwa cha kusubu msokoto mkali ni adui. Kila kasoro iliyomo ndani ya kichwa, kiputo cha hewa kisichoonekana, kitako kilichoinama kidogo, huzungushwa na kuvutwa nje ya mstari, na mzunguko ukiongezeka mvuto huo unaongezeka. Hesabu ni rahisi: kasi ya kichwa kwa futi kwa sekunde, zidisha kwa 720, gawa kwa inchi za msokoto. Kichwa cha futi 2,000 kwenye mtutu wa duara moja kwa inchi 10 kinazunguka mara 144,000 kwa dakika. Kwenye mtutu wa 12 ni 120,000. Kwenye wa 14 ni kama 103,000. Kwenye wa 17 inashuka hadi chini ya 85,000. Wapigaji wengi wenye uzoefu wanakuambia makundi huanza kufunguka mahali fulani kati ya 120,000 na 140,000. Wapo wanaobisha, na kichwa kilichosubiwa vizuri sana kinaweza kuvuka hapo bila shida. Lakini wewe unayeanza usijinunulie ubishi. Chukua msokoto wa 12 au 14, upate nafasi ya kukosea kidogo kwenye kusubu.

Ndipo hapo 6.5 na 6 milimita zinapoanguka. Msokoto wake kwa kawaida ni mkali, kichwa ni chembamba na kirefu, rahisi kupinda kikisukumwa. Kaliba, yaani upana wa kichwa kwa inchi, ya .22 nayo ina tatizo la uzito. Kasoro ya greni 1 ndani ya kichwa cha greni 55 ni karibu asilimia 2 ya uzito wote. Kasoro hiyo hiyo ndani ya kichwa cha greni 180 ni kama nusu asilimia. Na kukivisha kichwa cha .22 kikombe chake cha shaba cha kukinga gesi kitakoni, kidogo kuliko punje ya mahindi, kikae sawasawa kila mara, ni kazi ya kuumiza vidole. Wapo wanaoshinda nazo, nawaheshimu sana. Ila mwanzo wa safari yako uwe kwenye kaliba ya .30. Kalibu zake ni nyingi sana, vikombe vya shaba vinapatikana kila mahali, mitutu ni tele, na kichwa cha greni 170 hadi 210 kinastahimili upepo wa yadi 200.

Tumefika kwenye ganda. Kwa kichwa cha kusubu utapiga kati ya futi 1,600 na 2,200 kwa sekunde, hivyo baruti unayohitaji ni kidogo. Ganda kubwa lenye baruti kidogo linabaki na uwazi mwingi, na baruti inalala popote: leo karibu na fataki, kesho karibu na kichwa, kutegemea ulivyoinamisha bunduki. Kasi inayumba, na kwenye yadi 200 kuyumba huko unakuona kwa macho, risasi zimepangana juu na chini. Ganda dogo linajaa vizuri zaidi kwa kazi hii. Kwa kulinganisha ujazo wa maji: .30 BR inachukua takriban greni 40, .30-30 kama 45, .308 kama 56, .30-06 kama 68. Sasa unaelewa kwa nini .300 Winchester Magnum niliitaja mwanzoni nisiirudie tena.

Shingo ya ganda nayo iwe ndefu. Kichwa cha kusubu kina mifereji ya grisi ubavuni, mara nyingi mchanganyiko wa nta ya nyuki na Alox nusu kwa nusu, na kina kikombe cha shaba kitakoni. Vyote hivyo vinatakiwa vibaki ndani ya shingo. Kitako kikichungulia chini ya shingo, ndani ya ganda, grisi inagusa baruti na moto unaanza kukila kikombe pembeni. Shingo ya .30-06 ina urefu wa zaidi ya inchi .38. Ya .308 ni .304 tu, fupi hata kuliko upana wa kichwa chake. .300 Savage ni fupi zaidi, na kwa sababu hiyo peke yake mimi siishauri.

Basi nichukue nini? Wazee husema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa jembe lisipochaguliwa vizuri shamba halilimiki. Nitakujibu kwa kutazama mfuko wako.

Kama una uwezo wa kumlipa fundi akufungie mtutu mpya, chukua .30 BR bila kusita. Ni ganda la 6 milimita BR lililopanuliwa shingo hadi .30. Maganda ya Lapua ya 6 milimita BR Norma ni bora sana na hutumia fataki ndogo, jambo linalosaidia moto kuwaka kwa utulivu. Mwulize fundi msokoto wa 14, au hata 17 kama utabaki na vichwa vifupi. La muhimu kuliko yote, kabla hajachonga chemba, mpelekee vichwa vyako. Ndiyo, visubu kwanza. Nunua kalibu, subu, pima, kisha mwambie achonge koo linalovaa kichwa hicho. Wengi hufanya kinyume: chemba inachongwa kwa kifaa cha vichwa vya shaba, halafu mwenye bunduki anatumia miaka akitafuta kalibu ya kuiridhisha. Mwulize pia upana wa shingo ya chemba. Vifaa vingi vya kuchongea .30 BR vinaacha shingo ya .330, na hapo maganda itabidi uyakereze shingo ili kichwa cha .310 kiingie kwa usalama. Kazi hiyo si ngumu, lakini ni kazi, nayo huhitaji kifaa chake na subira ya jioni kadhaa.

Kama unanunua bunduki ya dukani, .308 Winchester ndiyo njia ya wengi. Ilitoka mwaka 1952, maganda yake yapo kila kona, na baadhi ya bunduki za mtutu mzito, kwa mfano Remington 700 za aina ya Varmint, zina msokoto wa 12. Savage za .308 kwa kawaida ni 10. Zinapiga, ila itabidi ubaki kwenye kasi ya chini. Shingo fupi ya .308 inavumilika kwa sababu unaweza kukiacha kichwa kirefu kitoke nje zaidi, pua ikae juu ya matuta. Koo la kiwandani lina kipande kifupi kilichonyooka chenye upana wa karibu .310, hivyo kichwa cha .310 mara nyingi hukaa vizuri. Usisahau kukipima chako hata hivyo. Bunduki ikishapiga risasi nyingi za shaba, koo linaliwa na moto na kupanuka.

Kama pesa ni chache, usiidharau .30-30. Watu wanaiona ya porini, ya kupigia kulungu. Imekuwepo tangu mwaka 1895, ganda lake ni dogo, shingo ni ndefu, na msokoto wa 12 ni wa kawaida. Kwa maumbile yake ni kama imekusudiwa vichwa vya kusubu. Tatizo ni bunduki, kwa kuwa nyingi ni za mkono wa kusukuma chini, zenye mitutu myepesi inayopata joto na kuhama. Tafuta ya bolti kama Savage 340, ambayo unaweza kuipata kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, au ya kupakia risasi moja moja. Mzee mmoja wa klabu yetu, seremala mstaafu tunayemwita Babu hata sisi wenye mvi, anapiga .30-30 ya risasi moja moja kwa kichwa cha kalibu ya Lyman 311041, na vijana wenye mitutu ya bei mbaya wanamwangalia kwa adabu.

Kwa .30-06 ushauri wangu ni mfupi: kama tayari unayo, itumie, shingo yake ni nzuri. Kama huna, usiinunue kwa kazi hii.

Daraja la bunduki za kijeshi ni jambo jingine, na kwangu ndilo lenye raha kuliko yote. Hapo huchagui risasi. Unachagua bunduki, na risasi inakuja nayo. Springfield 03A3 ya .30-06, iliyotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na Remington na Smith-Corona, ni chaguo zuri, na hata zile zenye mitutu ya mifereji miwili tu kati ya matuta hupiga vichwa vya kusubu kwa uzuri unaoshangaza. Mauser ya Uswidi ya 6.5x55 ni bunduki tamu kuishika, lakini msokoto wake ni inchi 7.87. Hata ukishuka hadi futi 1,600 kichwa kinazunguka mara zaidi ya 146,000 kwa dakika. Mwachie aliyekwisha kubobea. K31 ya Uswisi, 7.5x55, ina mtutu safi mno na kifyatulio kizuri, ila koo lake ni fupi sana. Unahitaji kichwa chenye pua nyembamba au kilichochongwa kwa mteremko, la sivyo bolti haifungi.

Na kuna Lee-Enfield ya .303, bunduki waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ambayo babu zetu wengi waliijua kwa bega. Niliipenda kwa sababu hiyo kabla sijajua lolote kuhusu mtutu wake. Ni bunduki inayoweza kushindana, lakini usiamini kipimo cha mtu mwingine: mifereji yake inatofautiana kutoka bunduki hadi bunduki, moja .312, nyingine inazidi .315. Kalibu ya Lyman 311299 haitaijaza ile pana. Kuna dada yake, 314299, kichwa hicho hicho kikiwa kinene zaidi. Sukuma kwanza kipande cha risasi laini ndani ya mtutu mzima kutoka upande mmoja hadi wa pili, upime kilichotoka, ndipo uagize kalibu.

Kuna pia daraja la kitako kitupu, ambalo kikombe cha shaba hakiruhusiwi. Kasi inashuka, mara nyingi chini ya futi 1,500, na hapo ndipo unapokutana na risasi za zamani kama .32-40, ya mwaka 1884, iliyopendwa na wapigaji wa bunduki za risasi moja moja enzi za Harry Pope, fundi wa mitutu ambaye mikono yake bado inazungumzwa. Hapa Indiana, American Single Shot Rifle Association ina uwanja wake Etna Green, na ukiwa karibu nenda hata kama huna bunduki. Wazee wa pale wana moyo wa kufundisha. Lakini kwa mshiriki mpya, .30 BR au .30-30 hiyo hiyo inaweza kuingia daraja hili kwa kubadilisha kalibu tu. Sheria za kila daraja zisome kwenye toleo la mwaka huo, kwa kuwa hurekebishwa.

Kalibu yenyewe sasa. Aina ni mbili kuu. Ya kwanza ni yenye pua inayopanda juu ya matuta, kama Lyman 311299 ya greni 200 hivi au 311284 ya greni 210. Mwili unajaza koo, pua inashikwa na matuta, na ukiingiza kichwa na kukitoa unatakiwa kuona mikwaruzo hafifu kuzunguka pua yote. Kama pua haina alama hata moja, inaning'inia hewani, na kalibu hiyo haifai kwa mtutu huo. Ya pili ni yenye mteremko, inayopungua kidogo kidogo kutoka kitakoni kwenda mbele kufuata umbo la koo. Kwa mtutu uliochongewa chemba maalumu naipenda hii ya pili, maana inajipeleka katikati yenyewe. Kwa bunduki ya dukani anza na RCBS 30-180-SP au mojawapo ya hizo za Lyman, upate vichwa vya kujifunzia bila gharama kubwa.

Madini yangu ya mashindano ni Linotype, yananunuliwa kwa wauzaji wa madini yakiwa na kipimo kinachojulikana. Vyuma vya kusawazishia magurudumu vinatosha kwa mazoezi, ila kila ndoo ina mchanganyiko wake, na siku ya mashindano sitaki kubahatisha. Yeyushia nje, au gereji yenye mlango wazi na hewa inayopita. Tone la maji likiingia kwenye chungu cha madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja na kurusha madini usoni, kwa hiyo vaa miwani, mikono mirefu na viatu vilivyofunika. Usile wala kuvuta sigara hapo, osha mikono kwa sabuni, nguo za kazi zisifuliwe na za watoto, na mwombe daktari akupime kiwango cha madini ya risasi kwenye damu. Mimi napima kila mwaka, mke wangu hanikubalii vinginevyo na ana haki.

Kiasi cha baruti sitaandika hapa. Chukua kitabu cha sasa cha kampuni ya baruti au cha Lyman cha vichwa vya kusubu, anza na kipimo chao cha chini, na usibadilishe aina ya baruti kwa kukisia. Baruti kidogo inayowaka haraka ina hatari yake: ganda linaweza kupokea kipimo mara mbili usione. Chungulia kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa.

Unapoanza kupiga, usihukumu risasi kwa kundi moja. Kundi zuri moja lina bahati ndani yake, baya pia. Chafua mtutu kwa risasi kadhaa kwanza, kwa sababu mtutu uliotoka kusafishwa hupiga mahali pengine hadi grisi ijipake ndani. Kisha piga makundi matano ya risasi tano, siku yenye upepo wa kawaida, uyapime yote na uchukue wastani. Yakitawanyika kwenda juu na chini, shuku baruti na ganda. Yakitawanyika pande zote na kichwa kinatoboa karatasi tundu la duara, rudi kwenye kusubu: pima vichwa kwa mizani, tenga vinavyopishana zaidi ya nusu greni, angalia vitako kwa kioo cha kukuzia. Tundu likiwa la mviringo uliorefuka, kichwa kinapepesuka, na hapo tatizo liko kwenye koo au msokoto. Matokeo ya mashindano ya kitaifa huchapishwa pamoja na risasi, kichwa, madini na baruti ya kila mshiriki. Yasome daraja lako lote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kabla hujaamua kubadilisha mtutu.